Kanu Hapigi Hodi

Ukimsifu seremala, watu watakuuliza ametengeneza nini, nawe utawaonyesha kitanda au mlango wa msikiti. Fundi wa banda la kuku hana cha kuonyesha. Hakuna bwana harusi aliyewahi kupigwa picha mbele ya mirunda na mabanzi yanayonuka kinyesi. Kazi yake ikiwa mbovu, mtaa mzima utajua kabla ya saa moja asubuhi. Ikiwa nzuri, usiku utapita bila jambo, na hajazaliwa mtu wa kuamka na kumshukuru mwenzake kwa jambo ambalo halikutokea. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu hapa, na nimemjua kwa sababu ya jogoo aliyeliwa.

Jogoo wetu aliitwa Jemadari. Kwa baba alikuwa kuchi, kwa mama kienyeji cha kawaida: miguu mirefu ya njano, kilemba kifupi kilichobanana na kichwa, manyoya mekundu ya kuiva, na mkia mweusi uliotoa kijani ukipigwa na jua. Tunakaa nje kidogo ya mji wa Morogoro, pale lami inapokata tamaa na Milima ya Uluguru inapoanza. Mama yangu hana huruma na kuku. Kwake kuku ni mboga inayotembea. Lakini huyu alimpa jina, na kuku akishapewa jina kumchinja kunakuwa kazi nyingine. Idi ikapita, akabaki. Mjomba akaja kutoka Kilosa na mkoba wake, akala maharage.

Watu wa mjini hudhani kazi ya jogoo ni kuwika. Kuwika kuna mambo yake, sikatai. Mwaka 2013 Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha kwamba jogoo akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika bado huwika karibu na alfajiri, maana saa anayo mwilini. Miaka miwili baadaye wakaongeza kwamba katika kundi mkubwa ndiye huanza, wadogo wakafuata kwa vyeo vyao. Lakini kazi yenyewe ya jogoo ni ulinzi, na ulinzi wake una lugha. Kuna mlio mmoja wa mwewe na mwingine wa kitu kinachotembea ardhini. Christopher Evans, Linda Evans na Peter Marler waliandika habari hiyo mwaka 1993. Waliwaonyesha majogoo picha za video, ndege mla nyama akipita juu na mnyama akikaribia kwa miguu, wakapata milio miwili tofauti. Kisha wakawasikilizisha matetea milio hiyo bila picha yoyote. Waliosikia mlio wa angani walikimbilia maficho, wakajikunyata na kutazama juu. Waliosikia ule wa ardhini walisimama wima, shingo juu, wakiangaza macho pembeni.

Mama alikuwa anaujua utafiti huo bila kuusoma. Akiwa jikoni na mwiko mkononi, kwa mlio tu wa Jemadari alijua kama atoke na fimbo au atoke akitazama mbinguni. Akikosea, basi ni Jemadari aliyekosea kwanza, na mara nyingi alikuwa amebabaishwa na mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku mwaka 2019, hata makosa hayo yalipungua.

Ila ulinzi wa jogoo ni wa mchana. Jicho la kuku limeumbwa kwa ajili ya jua. Giza likishaingia, jemadari na kifaranga ni sawasawa. Ndiyo maana kuku-mwitu mwekundu wa Asia ya Kusini-Mashariki, mzazi wa kuku wote hawa, hulala juu ya matawi. Kuku walifika pwani yetu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na mifupa yao imefukuliwa katika miji ya kale kama Unguja Ukuu, lakini safari yote hiyo haikuwasahaulisha mti. Kibanda chetu cha zamani kilikuwa kifupi, na miguu ya kuchi haikuelewana nacho. Tangu alipobalehe, Jemadari alipanda mwembe kila magharibi, tawi lile lile, akageuza kifua upande wa milima. Mwembe ulimtosha kwa muda mrefu.

Alikufa kiangazi, msimu ambao moto hupanda milimani na kila chenye miguu hushuka. Tulisikia mabawa yakipiga majani mara moja, kwa nguvu, kisha kitu kizito kikaanguka, kisha mbwa wa jirani. Asubuhi alikuwa chini ya mwembe, mwili mzima, mkia haujachafuka hata kidogo. Kichwa hakikuwapo.

Jirani mmoja aliuliza, kwa upole kabisa, kama nyama ilikuwa bado nzuri. Mama akamjibu kwamba ni kibudu: aliyeuawa na mnyama kisu hakijamfikia haliwi. Likabaki swali la kufanya nini na kilo tatu za kuku asiyelika. Kumtupa jalalani ni kumwalika mwuaji arudi na ndugu zake. Tukamzika. Kuzika kuku kwetu kuna aibu yake. Unafanya mapema, watoto wakiwa shule, na akipita mtu unasema unachimba shimo la mgomba. Hatuna namna ya kumlilia kuku. Ng'ombe akifa watu huja kutoa pole, na hata mbuzi anaweza kusimuliwa. Ukisema umefiwa na jogoo, utaambiwa ununue mwingine, soko liko Mawenzi, na kwa haki kabisa hutakuwa na jibu. Unanyamaza, unatafuta kitu cha kufanya kwa mikono. Sisi tulimtafuta fundi.

Alikuja mzee mwembamba, kofia ya kufuma kichwani, mfuko wa zana begani. Futi kamba yake ilikuwa imekatika mwanzo. Ilianzia inchi ya tatu, na kila alipopima alitoa tatu kichwani bila kukosea na bila kueleza. Shikamoo zilipokwisha, hakuuliza tunataka banda la ukubwa gani wala la kuku wangapi.

"Amekufaje?" akauliza.

Tukamweleza. Akauzunguka mwembe polepole, akapitisha kidole kwenye gome, akasimama chini ya lile tawi na kutazama lilikoelekea.

"Kichwa kimeondoka, mwili umebaki. Kanu huyo."

Kisha akatusomea wengine wote, kwa sauti ya mtu anayetaja majirani zake. Angekuwa fungo angembeba mzima akamlie kichakani. Nguchiro ni mwizi wa mchana. Mwewe humnyonyoa mtu wake, unakuta manyoya yametapakaa mahali pamoja. Chatu hakuachii cha kuzika. Kenge anataka mayai. Nyegere hana siri: ungekuta ubao umeng'olewa na udongo umechimbuliwa. Siafu wao humkuta kuku anayeatamia, naye hataki kuacha mayai. Na kicheche, hapo mzee akatikisa kichwa, kicheche akiingia bandani anaua kumi na kula mmoja.

Hilo la mwisho watu huliita roho mbaya. Kila kijiji kina hadithi ya mtu aliyefungua banda asubuhi akakuta kuku wote wamelala chini, shingo zimetobolewa, hakuna aliyeliwa. Hans Kruuk, aliyewachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, aliandika mwaka 1972 kuhusu mauaji ya namna hiyo. Katika mifano yake mmoja ni wa Serengeti, usiku wa giza na mvua, fisi walipoua swala tomi zaidi ya 80 na kuwala wachache tu. Mla nyama huacha kutafuta akishiba, lakini kuua hakumwishii kwa kushiba; kwa kawaida kunaishia pale mawindo yanapokimbia. Swala wasiokimbia gizani, na kuku waliofungiwa wasipoweza kukimbia, wanamwacha bila kikomo. Mzee wetu hakuwahi kumsikia Kruuk, lakini alikuwa na hitimisho lake tayari, na nililiandika siku ile ile.

"Banda bovu ni baya kuliko mwembe. Mwembeni amekufa mmoja."

Ndipo nilipoanza kumheshimu. Mafundi wengine huanza na mbao. Huyu alianza na mwizi: mwili wake, njia yake, tabia yake akishaingia ndani. Akasema hawezi kujenga mahali asipopajua usiku. Mama akadhani ni utani. Magharibi akarudi na koti la mvua na kigoda, akakaa nyuma ya choo, tochi mkononi haijawashwa, na tukamwacha hapo tukiingia kulala. Asubuhi alikuwa na ramani. Kanu alipita juu ya ua upande wa mgombani, akapanda bati la jiko kupitia tawi la mpera, na kutoka hapo akaruka mwembeni. Chini ya ghala la mahindi kulikuwa na panya, na panya ndio waliomzoesha njia hiyo. Kuku alikuja kumkuta tu. Kazi ya kwanza ya banda letu basi ilikuwa ya panga. Tawi la mpera likaanguka kabla msumeno haujatoka mfukoni.

Katika mfuko ule alikuwa na kipande cha mti cha kushangaza, kimechongwa mviringo na kulainika kwa kushikwa. Alikipima, alisema, kwa kanu aliyemkuta amegongwa barabarani, kwa sababu tundu linalopitisha kichwa cha kanu limeshapitisha kanu. Ndiyo iliyokuwa pima maji yake. Kila pengo alilolijenga alilijaribu kwa mti huo: chini ya mlango, kwenye kona ya bati, mahali mabanzi mawili yalipokosana kwa sababu moja lilikuwa na kifundo. Ukiingia, anang'oa ubao. Nilimwona aking'oa ubao uliokuwa umekaa vizuri kwa macho yangu na ya mama, kwa sababu mti ulikuwa umeingia nusu.

"Umekwama," mama akasema.

"Huu ni mti, mama. Hauna njaa."

Miguu minne ya mirunda ilipakwa oili chafu dhidi ya mchwa na kusimamishwa mpaka sakafu ikawa usawa wa kiuno. Kila mguu ulivishwa bati laini la kuzunguka, ili kucha zikose pa kushika. Sakafu ilikuwa ya fito zenye nafasi ya kupitisha kinyesi tu. Wavu tulionunua, ule wa matundu ya pembe sita unaouzwa kila duka la vifaa, aliukunja akaturudishia. Huo, alisema, unamzuia kuku asitoke; haujawahi kumzuia mtu asiingie. Akataka wavu mgumu wa kuchomelewa, wenye tundu lisilopitisha kidole, nao hakuupigilia kwa misumari ya kukunja kama wengi wanavyofanya. Aliubana kati ya mbao mbili nyembamba, pande zote, kwa ndani, ili anayevuta kutoka nje avute banda zima.

Nikikawia kwenye vijiti vya kulalia ni kwa sababu hapo ndipo ufundi wake ulipofikia kina ambacho nisingekifikiria. Vijiti alivipiga randa kingo zikawa mviringo, vipana kiasi cha mguu wa kuku kutua wote, na akavipanga usawa mmoja. Kuku wana vyeo. Thorleif Schjelderup-Ebbe, Mnorwe aliyeanza kuwatazama akiwa mtoto, aliandika kuhusu mpangilio wao wa kudonoana mapema miaka ya 1920. Kijiti kimoja kikiwa juu kuliko vingine, kila jioni kutakuwa na uchaguzi mkuu. Kisha akavisogeza mbali na wavu, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kidole. Nikamwuliza kwa nini anapoteza nafasi yote hiyo.

Akaingiza kiganja chake hewani, polepole, akakunja vidole, akavuta. Kuku aliyelala haamki, akasema. Kanu au paka pori hahitaji kuingia. Anaingiza mkono, anashika anachokishika, anavuta kidogo kidogo. Asubuhi unakuta kuku yuko ndani, wavu mzima, na mguu wake hauna nyama. Watu huona hivyo wakasema ni uchawi.

Mlango ulimchukua karibu muda ule ule uliochukuliwa na kuta zote. Uliwekewa makomeo mawili, juu na chini, kwa sababu ubao ukipindwa na jua hufunguka kwenye kona na si katikati. Juu kabisa, chini ya bati, aliacha pengo refu lenye wavu, nasi tulipotaka kuliziba akakataa. Wenye hofu hujenga sanduku, alisema, na kuku wakishafungiwa na mvuke wa kinyesi chao wanakufa kwa mafua, na hapo hakuna mnyama wa kusingiziwa.

Niseme ukweli wa hesabu, ili sifa zisivuke mpaka: wanyama wote aliowataja mzee, wakijumlishwa, hawaufikii mdondo. Ugonjwa huo, ulioelezwa kwa mara ya kwanza miaka ya 1920 huko Java na Newcastle, Uingereza, ukiingia kijijini unaweza kufagia mabanda yote kwa siku chache. Dawa ya mlango huo ni chanjo. Hapa kwetu ni ile ya I-2 inayovumilia joto, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Lakini hata chanjo inataka banda. Kuku wanaolala miembeni utawafukuza mpaka uchoke na nusu yao hutawapata. Waliopangana kwenye kijiti gizani unawachukua mmoja mmoja, tone, unamrudisha, na wa tatu bado hajui kama kuna kitu.

Sidai kwamba zamani hapakuwa na akili. Sehemu nyingi za nchi hii kuku wamelala jikoni na watu wao, na moshi na mbwa mlangoni vilitosha. Tenga lililofumwa vizuri bado ni kazi ya kuheshimika: muda huo huo linamfunika koo na vifaranga wake, linapitisha hewa, na kesho linapanda juu ya basi kutoka Singida likiwa limejaa wasafiri wasiotaka kusafiri. Pwani, ambako kunguru walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka waligundua kwamba kifaranga ni kitamu kuliko taka, watu huwapaka vifaranga rangi ya zambarau. Siku hizi kuna vijana wanaochomelea vizimba vya chuma vya ghorofa tatu, na wanapata wateja, hasa wa mayai. Mzee alipita kuviona. Akasema ni kazi safi, chuma kimenyooka, na aliyevitengeneza anamjua kuku vizuri sana.

"Kanu je?"

"Kanu hajakutana naye."

Alimaliza siku ya Alhamisi. Jogoo mpya, mdogo, mweupe, asiye na jina mpaka leo kwa amri ya mama, aliingia bandani jioni ile ile bila kubembelezwa, matetea nyuma yake. Mzee hakuwatazama. Alikuwa amechuchumaa kando ya mguu wa nyuma akikandamiza udongo kwa kisigino, kisha akatoa mfukoni karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne na kumpa mama hesabu.

Mama aliisoma kwa sauti, maana haamini hesabu isiyosikika. Mirunda, sawa. Wavu, sawa, ingawa ghali. Misumari ya inchi tatu, misumari ya inchi nne, bawaba, makomeo mawili, oili chafu ambayo mzee hakuidai kwa sababu alipewa gereji. Ufundi. Chini kabisa, kwa kalamu ya rangi nyingine, palikuwa na mstari mmoja zaidi: usiku mmoja, shilingi elfu kumi.

"Na hii ni ya nini?" mama akauliza. "Tangu lini mtu analipwa kwa kulala?"

"Sikulala, mama."